Orodha Zisizopangika na Ujumbe wa Jaribio Lililoshindwa

Programu ya kompyuta inayotunza orodha, iwe ni ya mikoa ya nchi, ya wateja wa benki au ya vipimo vya mvua, haiaminiki mpaka ithibitishwe kwa majaribio. Jaribio katika fani hii ni kipande kifupi cha programu ambacho huendesha sehemu moja ya programu kubwa, huchukua matokeo yake na kuyalinganisha na yale ambayo mtengenezaji aliyatarajia. Matokeo yakilingana, jaribio hupita bila kusema neno; yasipolingana, hushindwa na kuandika ujumbe. Ujumbe huo, ambao mara nyingi ni mistari michache tu kwenye skrini, ndio ushahidi wa kwanza anaokuwa nao mtu anayetafuta kasoro, na ukiwa umeandikwa vibaya humpeleka mahali ambapo kasoro haipo. Tatizo hili huwa kubwa zaidi pale vinapolinganishwa vitu vingi kwa pamoja, hasa vitu ambavyo kwa asili yake haviwezi kupangwa kutoka kidogo hadi kikubwa.

Nchini Burundi mfano ulio karibu unapatikana katika ramani ya utawala yenyewe. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, yaani Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na ikapunguza tarafa, ambazo wakazi wa Bujumbura wamezoea kuziita komine, kutoka 119 hadi 42. Uchaguzi wa wabunge wa Juni 2025 ulifanyika kwa kufuata mgawanyo huo mpya. Programu yoyote iliyokuwa na orodha ya mikoa, kuanzia fomu ya shule hadi mfumo wa kusajili wagonjwa, haina budi kupitiwa upya, na jaribio la kwanza linalomjia akilini mtengenezaji ni lile linalouliza kama programu sasa inarudisha mikoa mitano ile na si mingine. Swali hilo halihusu mpangilio hata kidogo. Burunga ikitajwa kabla ya Buhumuza, hakuna kilichoharibika. Kinachotakiwa ni kwamba kila jina linalotarajiwa lipo, na kwamba hakuna jina la zamani, kama Cankuzo au Rutana, lililosalia kwa bahati mbaya. Karani anayepokea shehena katika bandari ya Bujumbura hahitaji kuyapanga makasha kwa herufi za majina yake ili ajue kama yametimia. Huangalia hati, huhesabu kila aina, kisha hutaja kilichopungua na kilichozidi.

Hata hivyo, watengenezaji wengi wa programu, wakishataka kulinganisha orodha mbili bila kujali mpangilio, huanza kwa kuzipanga zote mbili, kisha huuliza kama zimekuwa sawa kutoka kipengele cha kwanza hadi cha mwisho. Njia hii hufanya kazi kwa majina matano ya mikoa kwa sababu majina ni maandishi, na maandishi yana utaratibu wake wa kutangulia na kufuata. Lakini hata hapa ujumbe unaotolewa jaribio likishindwa si mzuri sana, kwa maana jina moja likikosekana mwanzoni mwa orodha, majina yote yanayolifuata husogea nafasi moja, na mashine hulalamika kwamba kipengele cha kwanza kilipaswa kuwa Buhumuza na badala yake ni Bujumbura. Msomaji asiye na subira huweza kudhani kwamba jina la Bujumbura ndilo lenye kasoro, ilhali Bujumbura iko salama na kilichopotea ni Buhumuza.

Ugumu wenyewe hujitokeza pale vipengele vinapokuwa vya aina mchanganyiko. Katika lugha ya Python, ambayo ni miongoni mwa lugha za programu zinazofundishwa na kutumiwa sana duniani, nafasi isiyo na thamani huandikwa None. Rejista ya watu, kwa mfano, huweza kuwa na safu ya tarehe za kuzaliwa ambamo baadhi ya watu wana tarehe kamili na wengine wana None, kwa kuwa tarehe zao hazikuandikwa popote. Je, None inatangulia tarehe au inaifuata? Matoleo ya zamani ya Python yalijibu swali hilo bila kusita, kwani yalikubali kulinganisha karibu kila kitu na kila kitu: None ilihesabiwa kuwa ndogo kuliko vyote, namba zilitangulia maandishi, na aina nyingine zilipangwa kwa kufuata majina ya aina zenyewe. Utaratibu huo haukuwa na maana yoyote katika maisha ya watu, bali uliwekwa ili kazi ya kupanga isikwame. Toleo la 3.0, lililotolewa Desemba 2008, liliukomesha. Tangu hapo, mtu akiiambia mashine ipange namba pamoja na maandishi, au tarehe pamoja na None, mashine hukataa na kueleza kwamba alama ya «ndogo kuliko» haitumiki kati ya aina hizo mbili. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu mashine inayokiri kwamba haiwezi kupanga ni bora kuliko ile inayopanga kwa kubuni.

Matokeo yake ni kwamba jaribio linalotegemea kupanga huweza kushindwa kwa sababu isiyohusu kabisa kile kilichokuwa kinajaribiwa. Orodha mbili huweza kuwa na vipengele vilevile, bila hata kimoja kupungua, na bado jaribio likakatika njiani kwa sababu ya None moja. Mtengenezaji anayesoma ujumbe huo anapaswa kutambua kwanza kwamba mashine haijasema orodha hazilingani, bali imesema kwamba haikuweza hata kufika mahali pa kuzilinganisha. Hizo ni habari mbili tofauti, na kuzichanganya ni chanzo cha saa nyingi zinazopotea bure.

Kuna sura nyingine ya kasoro hii ambayo hujificha kwa muda mrefu. Tuseme kila mtu katika rejista ameandikwa kama jozi ya jina na tarehe ya kuzaliwa. Mashine inapopanga jozi, hulinganisha kwanza majina, na majina yakitofautiana haigusi tarehe kamwe. Tarehe huangaliwa pale tu majina mawili yanapofanana. Kwa hiyo jaribio huweza kupita kwa miezi mingi, hata kama rejista imejaa None, mpaka siku ambayo akina Niyonzima wawili wanaingia katika data ya majaribio, mmoja akiwa na tarehe na mwingine akiwa hana. Siku hiyo jaribio huanguka, na mtengenezaji huenda kuchunguza mabadiliko aliyoyafanya asubuhi, ambayo hayana hatia. Katika nchi ambayo majina kama Niyonzima, Ndayizeye na Nkurunziza hubebwa na watu wengi mno, hali hiyo itatokea mapema, na data ya majaribio inayotumia majina matatu ya kubuni yasiyofanana haitaigundua.

Hatari iliyo kubwa kuliko hii, hata hivyo, ni ya vitu vinavyokubali kupangwa bila malalamiko ilhali havina mpangilio kamili. Seti ni mkusanyiko ambao kila kipengele humo huhesabiwa mara moja tu na hakuna cha kwanza wala cha mwisho. Katika Python, alama ya «ndogo kuliko» ikiwekwa kati ya seti mbili haiulizi ipi ina vipengele vichache, bali huuliza kama vipengele vyote vya seti ya kwanza vimo ndani ya seti ya pili, na ya pili ina ziada. Tuchukue lugha zinazotumika rasmi katika nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi ina Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Rwanda ina Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Tanzania hutumia Kiswahili na Kiingereza. Kwa kipimo cha seti, Tanzania ni ndogo kuliko Rwanda, kwa kuwa lugha zake zote mbili zimo katika zile nne. Lakini Burundi si ndogo kuliko Rwanda, wala Rwanda si ndogo kuliko Burundi, na kati ya Burundi na Tanzania pia hakuna iliyo ndani ya nyingine. Hapa «si ndogo kuliko» haina maana ya «ni kubwa kuliko au sawa na», na hilo ndilo jambo ambalo mbinu ya kupanga hailijui.

Yafaa kutazama kwa karibu kinachotokea. Mashine ikipewa seti hizo kwa mfuatano wa Burundi, Tanzania, Rwanda na kuambiwa izipange, huanza kwa kuuliza kama ya pili ni ndogo kuliko ya kwanza. Jibu ni hapana. Kisha huuliza kama ya tatu ni ndogo kuliko ya pili. Jibu tena ni hapana. Mashine huhitimisha kwamba orodha ilikuwa imepangwa tayari na huirudisha jinsi ilivyokuja. Ikipewa seti zilezile kwa mfuatano wa Rwanda, Burundi, Tanzania, huuliza kama Burundi ni ndogo kuliko Rwanda, hapana. Kama Tanzania ni ndogo kuliko Burundi, hapana. Na orodha hii nayo hurudishwa bila kuguswa. Swali pekee ambalo lingepata jibu la ndiyo, yaani kama Tanzania ni ndogo kuliko Rwanda, halikuulizwa kabisa, kwa sababu mashine huamini kwamba majirani wakiwa wamekaa sawasawa basi wote wamekaa sawasawa. Orodha mbili zenye vitu vilevile zimepangwa, hazijatoa kosa lolote, na bado hazifanani. Jaribio hushindwa, na ujumbe husema kwamba kipengele cha kwanza cha upande mmoja ni lugha za Burundi na cha upande wa pili ni lugha za Rwanda. Kila neno la ujumbe huo ni kweli, lakini ujumbe wote kwa jumla unapotosha, kwa kuwa unamfanya msomaji atafute nchi iliyopotea ilhali hakuna iliyopotea.

Wapo wanaojaribu kukwepa tatizo hili kwa kugeuza orodha zote mbili kuwa seti kabla ya kuzilinganisha. Njia hiyo huondoa suala la mpangilio, lakini huondoa pia idadi. Kenya, kama Tanzania, hutumia Kiswahili na Kiingereza katika shughuli za serikali; hivyo orodha ya lugha za nchi nne ina vipengele viwili vinavyofanana kabisa, na ikigeuzwa kuwa seti, viwili hivyo huwa kimoja. Programu iliyosahau Kenya kabisa itapita jaribio hilo pasipo kutiliwa shaka. Jaribio linalopita wakati lilipaswa kushindwa ni baya kuliko linaloshindwa kwa ujumbe mbovu, kwani hili la pili angalau humwamsha mtu.

Suluhisho linalostahili ni kuhesabu. Maktaba ya majaribio iliyomo ndani ya Python, iitwayo unittest, ilipewa kazi hiyo katika toleo la 2.7 la mwaka 2010 kwa jina la assertItemsEqual, na katika toleo la 3.2 la mwaka 2011 jina likawa assertCountEqual. Jina hili la pili limewafanya wengi wadhani kwamba kinacholinganishwa ni urefu wa orodha tu. Sivyo ilivyo, kwani kinacholinganishwa ni idadi ya kila kipengele kimoja kimoja katika pande zote mbili. Jaribio la mikoa mitano likishindwa kwa njia hii kwa sababu programu imeacha Burunga na badala yake imerudisha Makamba ya zamani, ujumbe husema, kwa maana yake, kwamba hesabu za vipengele hazilingani: kwa Burunga upande wa kwanza una 1 na wa pili una 0, kwa Makamba upande wa kwanza una 0 na wa pili una 1. Hakuna kinachosemwa kuhusu Bujumbura, Gitega, Buhumuza na Butanyerera, maana haya hayana tatizo. Lugha nyingine zina zana za namna hiyo pia. Watumiaji wa Ruby hupata kazi hiyo katika RSpec, na wa Java katika Hamcrest.

Ndani ya assertCountEqual kuna njia mbili. Ya kwanza, iliyo ya haraka, hutegemea namba inayokokotolewa kutokana na kitu chenyewe, ambayo wataalamu huiita heshi, na ambayo humwezesha mhesabuji kukifikia kitu moja kwa moja bila kupekua orodha yote. Si kila kitu kina heshi. Vitu vinavyoweza kubadilishwa baada ya kuundwa, kama orodha na seti za kawaida, havina. Hapo mashine hurudi kwenye njia ya pili, ambayo ni kulinganisha kila kitu na kila kitu kwa swali moja tu: je, ni sawa au si sawa? Njia hiyo ni ya polepole, kwa sababu vipengele 1,000 huweza kuhitaji ulinganisho wa mamia ya maelfu, lakini faida yake ni kubwa: haihitaji mpangilio wa aina yoyote. Seti za lugha za nchi nne, jozi zenye None, na hata mchanganyiko wa namba na maandishi, vyote hulinganishwa bila ugomvi.

Kuhesabu pekee hakutoshi ikiwa vitu haviwezi kujitambulisha. Mtengenezaji anapounda aina yake mwenyewe ya kitu, kwa mfano aina iitwayo Tarafa yenye jina na mkoa, na asipoeleza jinsi kitu hicho kinavyopaswa kuandikwa, mashine hukitaja kwa jina la aina na anwani yake ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ni mfululizo wa tarakimu na herufi usio na maana kwa binadamu na ambao huenda ukabadilika kila programu inapoendeshwa. Ujumbe unaosema kwamba Tarafa moja ya anwani fulani imekosekana na nyingine ya anwani tofauti imezidi haumsaidii yeyote. Dawa yake ni mistari miwili au mitatu inayoiambia mashine iandike jina la tarafa na la mkoa wake, na kazi hiyo ndogo, ambayo wengi huiahirisha, huokoa saa nyingi za uchunguzi. Anayeiahirisha huweza kuishia kupanga vitu kwa kufuata anwani hizo, na hapo mpangilio wenyewe huwa wa bahati nasibu.

Bahati nasibu ya namna nyingine imewekwa ndani ya Python kwa makusudi. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, heshi za maandishi huchanganywa na namba ya siri inayobadilika kila programu inapoanza, hatua iliyochukuliwa ili kuwazuia wavamizi wasiweze kuilemea seva kwa kuipelekea maandishi yaliyochaguliwa kwa hila. Kwa sababu hiyo, seti ya mikoa mitano ikiandikwa kwenye skrini leo huweza kuanza na Gitega, na ikiendeshwa tena ikaanza na Butanyerera. Jaribio linalogeuza seti kuwa orodha na kutarajia mfuatano maalumu hupita mara nyingine na kushindwa mara nyingine, na watu hulizoea kama jaribio lenye tabia mbaya la kurudiwa tu mpaka likubali. Mazoea hayo ni hatari. Mtu anayetaka kuikamata kasoro hiyo huweza kuifunga namba ya siri kwa kuweka thamani moja katika mpangilio uitwao PYTHONHASHSEED, na hapo kushindwa hurudi kila mara kwa namna ileile mpaka chanzo kipatikane.

Urefu wa ujumbe nao huficha ukweli. Kwa kawaida unittest haionyeshi tofauti zinazozidi herufi 640. Badala yake husema kwamba tofauti ni ndefu na kumtaka msomaji aondoe kikomo hicho, kiitwacho maxDiff. Anayelinganisha tarafa 119 za zamani na 42 za sasa atavuka kikomo hicho mara moja, na ujumbe atakaoupata utakuwa na kila kitu isipokuwa majina anayoyahitaji.

Kuna ujumbe mmoja ambao huwashangaza hata wenye uzoefu, nao ni ule unaosema kwamba Désiré amekosekana na Désiré amezidi. Majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi ni ya kawaida Bujumbura, na kompyuta ina njia mbili halali za kuiandika herufi é: kama herufi moja kamili, au kama e ya kawaida ikifuatwa na alama inayopandishwa juu yake. Machoni ni jina moja. Kwa mashine ni maandishi mawili tofauti, moja likiwa na herufi sita na lingine nane. Hakuna kupanga wala kuhesabu kutakakoponya hali hiyo. Mtengenezaji anapaswa kuiagiza mashine iyaonyeshe maandishi kwa alama za msingi tu, kwa amri ya ascii, ili tofauti ionekane, kisha ayabadili yote kuwa ya umbo moja kabla ya kuyalinganisha. Jambo linalofanana na hilo hutokea katika vipimo vya mvua, ambamo kipimo kilichokosekana huandikwa kwa thamani maalumu yenye maana ya «si namba». Kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya hesabu za kompyuta iliyowekwa mwaka 1985, thamani hiyo haiko sawa hata na nafsi yake, hivyo thamani mbili za aina hiyo zilizotoka katika vyanzo tofauti huonekana moja imekosekana na nyingine imezidi.

Kwa watengenezaji wa Bujumbura ipo sababu ya ziada ya kujali maneno ya ujumbe. Wengi wao walisoma hesabu na sayansi kwa Kifaransa, wanazungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili mitaani, ilhali ujumbe wa mashine hutoka kwa Kiingereza kilichobanwa mno. Zana za majaribio huruhusu mtengenezaji aongeze sentensi yake mwenyewe, ambayo katika matoleo ya sasa ya Python huandikwa mwishoni mwa ujumbe wa kawaida bila kuufuta. Sentensi inayosema kwa Kifaransa au kwa Kiswahili kwamba orodha iliyolinganishwa ni ya mikoa baada ya sheria ya 2023, kwamba upande wa kwanza ndio uliotarajiwa na wa pili ndio uliotoka katika programu, humwondolea mwenzake atakayeurithi msimbo huo swali linalosumbua kuliko yote katika ujumbe wa mashine, yaani upande upi ni upi.